Wimbo Mmoja wa Bati Moto

Habari za kifo cha Mabior zilinifikia ofisini, mchana, saa ile ambayo Lodwar hata ikiwa macho ni kama imelala. Nilikuwa nimevua viatu chini ya meza kwa sababu miguu yangu siku hizi huvimba joto likizidi. Kwenye simu uliingia ujumbe wa sauti kutoka kwa Safari, mpiga ngoma wa bendi yetu ya zamani, ambaye kwa kawaida hunitumia salamu za Krismasi na picha za theluji na hana mengine. "Dada Arot," alisema, kwa Kiswahili chake cha Bukavu ambacho miaka yote ya Ulaya haijakigusa, "iko habari mubaya. Mabior amekufwa. Alikuwa Juba, ku hospitali, mafigo ilikataa kazi. Miye sina nguvu ya kusema mingi." Kisha akaacha simu ikinasa, nikasikia nyuma yake vyombo vikigongana na mzee fulani akiita kwa lugha nisiyoijua, kwa sababu Safari huwaogesha wazee huko aliko, ndiyo kazi yake. Nilirudia ujumbe ule mara kadhaa. Halafu nikavaa viatu nikatoka, maana watu wa Kainuk walikuwa wamekaa kwenye benchi tangu asubuhi wakingoja kuambiwa pampu yao ya maji itatengenezwa lini. Zamani nilidhani mtu akifiwa huacha kila kitu. Sasa najua kwamba huendelea kueleza habari za pampu, na kilio hukiweka kando kingoje siku yenye nafasi, na siku hiyo haiji upesi.

Tulikuwa watu watatu na wimbo mmoja. Bendi yetu iliitwa Bati Moto na ilidumu kama mwaka hivi, nikiwa bado sijaolewa na ninaweza kunyanyua sufuria ya maharagwe kwa mkono mmoja. Tulipiga roki. Nikiwaambia vijana wa ofisini hucheka, nami siwalaumu, kwa sababu wanachokiona mbele yao ni mama mwenye miwani anayeuliza kila asubuhi ni nani amemaliza sukari. Huniomba niwaimbie kidogo. Nawaambia sauti imekwenda, na hilo ni kweli, lakini si sababu yenyewe. Sababu ni kwamba wimbo ule nikiuanza sijui nitaumalizia kwa maneno gani, maana una maneno ya aina tatu sasa, na kila aina ina watu wake.

Mwaka ule nilikuwa mhudumu katika hoteli ya Mama Lokol, hapa Lodwar, karibu na mahali malori yalipokuwa yakilala. Ilikuwa hoteli kwa maana yetu ya hoteli: meza zilizofunikwa plastiki ya maua, redio juu ya friji iliyokufa, na jiko la nyuma lenye moshi ulioingia hata kwenye chai. Mama Lokol alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake, na alikuwa na akili ya kuona mahali watu watakapokuwa na njaa kabla wao wenyewe hawajajua. Alipoona magari ya misaada yanapita kila siku kwenda Kakuma, alifungua chumba kingine cha chakula huko, kwenye mji wa wenyeji, ng'ambo ya laga, ule mto mkavu mpana wa mchanga unaotenganisha mji na kambi ya wakimbizi. Akanipeleka mimi. Nilikuwa nakaa Kakuma siku nyingi za wiki na kurudi Lodwar mwisho wa wiki, kumwimbia Mungu kwenye kwaya na kumwelezea Mama Lokol nyama ilivyokwenda.

Mabior alikuja kwenye hoteli ile ya Kakuma akiwa amebeba betri ya gari begani. Alitaka kuichaji kwenye jenereta yetu. Alikuwa Mdinka, mrefu kiasi cha kuinama kwenye kila mlango, na alikuwa na tabia ya kuzungumza huku akitazama pembeni, kama mtu anayesikiliza kitu kingine. Mimi nilikuwa nyuma, nasugua sufuria na kuimba wimbo wa kwaya. Akasimama kwenye mlango wa jikoni na betri yake.

"Wewe naimba chini," akasema. "Wasichana yote wanaimba juu. Wewe chini."

"Ni kwa sababu nimechoka," nikamjibu.

"Basi usipumzike."

Nilicheka, nikamwonyesha waya. Siku iliyofuata alikuja kuchukua betri na akaniambia nivuke laga alasiri wateja wakipungua, nikasikie kitu. Nilivuka. Leo watu huniuliza kama sikuogopa, msichana wa Kiturkana kwenda kambini peke yake kwa mwanamume wa Kisudani. Wakati ule sikuwaza hivyo. Nilikuwa nimechoka na nyimbo nilizozijua, hilo tu ndilo ninalolikumbuka.

Chumba chenyewe kilikuwa cha matofali ya udongo, nyuma ya nyumba ya shangazi yake, Mama Ayen. Paa lilikuwa la mabati na mahali mabati yalipokwisha walipigilia makopo ya mafuta ya msaada yaliyofunguliwa na kunyooshwa, hata ukilala chali ungeweza kusoma maandishi yake. Mchana kilikuwa tanuri. Hapo ndipo lilipotoka jina la bendi. Gitaa la umeme aliachiwa na fundi wa visima, mgeni aliyemaliza mkataba wake, pamoja na mfuko wa kanda za roki ambazo Mabior alizisikiliza mpaka zikaanza kuvuta sauti. Spika yake ilikuwa imepasuka karatasi ya ndani, na kila noti ilitoka imekwaruzwa, kama lori linalopanda mlima na mzigo. Mtu mwingine angeitupa. Mabior alisema hiyo ndiyo sauti aliyokuwa akiitafuta kwenye zile kanda. Safari, kijana mfupi kutoka Kongo, aliyekuwa na ngoma kubwa ya bendi ya kanisa na vifuniko vya sufuria alivyovigonga mwenyewe mpaka vikalia kama matoazi, alikuwa amekaa pembeni akitokwa jasho. "Hii muziki iko na hasira," aliniambia siku hiyo ya kwanza, "lakini haiko na kiuno. Miye nainyosha tu." Na kweli aliinyosha. Nikikumbuka sasa, kilichofanya tusifanane na kanda za yule fundi ni mkono wa kulia wa Safari, ambao haukukubali kukaa mahali pamoja.

Walinipa besi, gitaa zee la nyuzi nne lililoazimwa kanisani na halikurudishwa. Vidole vyangu vilitoka malengelenge, nikawa nawapelekea wateja chai nimefunga vitambaa, na watu wakadhani nimeungua jikoni. Mama Ayen alikuwa akikaa nje akimimina uji wa mtama kwenye bamba la chuma na kubandua kisra, ule mkate wao mwembamba kama kitambaa, na kila Mabior alipoongeza sauti alisema bila kugeuka, "Wewe naharibu unga yangu." Lakini tulipotoka, chakula kilikuwa tayari: kisra imekunjwa kwenye sinia, na mchuzi wa bamia kavu unaovutika mpaka kidevuni. Tulikula mikono yetu ikigusana. Majirani walipita wakisalimu, huyu kwa Kiarabu cha Juba, huyu kwa Kisomali, na mimi walinisalimu "Ejok," kwa lugha yangu, wakicheka kidogo, kama watu wanaojaribu kiatu cha mwenzao.

Wimbo wenyewe ulitokea kwenye sinia hilo. Mabior alikuwa na maneno machache tu: jua linanijua, vumbi linanijua, lakini hapa si kwetu. Aliyarudia na kuyarudia. Nilimwambia yana uzuri, aimbe. Akasema sauti yake haifai, niimbe mimi.

"Mabior, mimi nikisema hapa si kwetu, watu watanishangaa. Mimi kwetu ni hapa."

"Kwenu ni hapa kwa Mama Lokol?"

"Kwetu ni Nakalale."

"Kwa nini hukai Nakalale?"

Nikamega kipande kingine cha kisra. Wanyama walikuwa wamekwisha Nakalale, na watu walikuwa wameondoka mmoja mmoja, na nyumba niliyoijua ilikuwa imebaki alama ya duara ardhini. Safari alilamba vidole akasema, "Umuache. Atauimba na yake ya ndani, wewe na yako ya ndani. Wimbo haiulize vitambulisho." Mabior akaongeza jambo ambalo nimelikumbuka mara nyingi mwezi huu. Alisema alitoka kwao akiwa mdogo sana, hata hajui mlango wa nyumba ulikuwa unatazama upande gani, na kwamba anachokijua ni kimoja tu, kwamba haukuwa unatazama hapa. Alisema hivyo kwa utulivu, huku akitafuta kipande cha bamia. Nikakubali kuimba.

Tulirekodi kwa Abdinoor, Msomali aliyekuwa na duka la kanda na betri katika soko la kambi. Nyuma ya duka alikuwa na chumba kilichozungushiwa magodoro ukutani, na ndani yake mashine ya kunasia sauti aliyoitunza kuliko watoto wake. Ili kurekodi ilibidi azime feni, kwa sababu feni ilisikika, na feni ikizimwa hewa ilikwisha. Tulikuwa tukipiga wimbo mara moja, tunatoka nje kuvuta pumzi, tunarudi. Mara moja mbuzi alilia katikati ya ubeti. Mara nyingine adhana ikaanza, na Abdinoor akaondoka kwenda kuswali akituacha tumekaa kwenye magunia ya mchele, tukisikiliza soko: mwanamke wa Kongo akibishana juu ya dagaa, vijana wakitukanana kwa Sheng waliyoipata kwa wenzao wa Nairobi, mtu akipiga misumari. Aliporudi alinitazama nilivyokuwa nimelowa. "Dada, kunywa chai," akasema, "halafu imba mara ya mwisho. Hii ukikosea, mimi nafunga duka." Nilikuwa sina nguvu tena ya kuimba vizuri. Niliimba kama mtu anayejibu swali aliloulizwa mara nyingi, na gitaa la Mabior likaja juu yangu na mkwaruzo wake, na Safari akaacha kunyosha akaanza kupiga kweli. Ilipokwisha tukaegemea magodoro. Abdinoor alirudisha kanda nyuma, akasikiliza hadi mwisho, akawasha feni. Hivyo ndivyo tulivyojua.

Singo yetu ilikuwa kanda yenye wimbo ule ule pande zote mbili, upande mmoja na sauti yangu, upande wa pili bila. Abdinoor aliziuza dukani. Kambini ilienda haraka kuliko tulivyotarajia. Vijana walipita na redio begani, na nikivuka laga nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwa kinyozi. Mji wa Lodwar uliupata wimbo kupitia kwa Mama Lokol. Mlinzi wa kituo cha redio alikuwa mteja wake wa maharagwe, naye Mama Lokol akampa kanda ampelekee mtangazaji, na kwa kuwa hakuna anayependa kunyimwa nyongeza ya mchuzi, kanda ilifika. Wimbo ulipigwa Jumamosi moja, saa ya chakula. Nilikuwa nimeshika sahani za chapati. Kwenye meza ya dirishani walikuwa madereva wawili na askari mmoja.

"Hiyo ni nini?" dereva mmoja akauliza. "Redio imeharibika?"

"Ni gitaa," askari akasema. "Vijana siku hizi ndiyo wanapenda."

"Na huyo mama analia nini?"

"Anasema si kwao."

"Si kwao wapi? Huyo ni Mturkana, sikia vile anasema. Mturkana atasemaje hapa si kwao?"

Wakatafuna. Askari akasema labda ni mambo ya mapenzi, labda ameolewa mbali. Yule dereva akasema hapana, hiyo ni siasa. Niliwawekea chapati. Mama Lokol alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, akinitazama. Nilipopita karibu yake aliniuliza kwa sauti ndogo kwa nini siwaambii kuwa ni mimi. "Wanakula," nilimjibu. Akanipigapiga begani kwa ule mkono wenye unga, akarudi kwenye chungu chake. Nimesifiwa mara chache maishani, na ule mkono wa unga bado nauhesabu katika hizo.

Kwa miezi kadhaa ilikuwa raha ya namna fulani. Tulipiga kwenye harusi, na kwenye uwanja wa mpira kambini, na siku moja katika shule mjini, ambapo padri alituomba tupunguze sauti kisha akabaki mpaka mwisho. Halafu kiangazi kikakaa, na ugomvi wa kuni ukaanza. Wenyeji ndio waliokuwa wakiuza kuni kambini, na wakimbizi walikatazwa kuzikata, lakini mgao wa kuni ulipochelewa watu walitoka wakakata, kwa sababu mahindi hayaivi kwa maneno. Kijana mmoja wa Kiturkana, mchungaji wa mbuzi, alipigwa vibaya huko porini. Ilisemekana atakufa; hakufa, lakini habari ya kwamba hakufa ilitembea polepole kuliko ile ya kwanza. Nilirudi Kakuma kutoka Lodwar asubuhi moja nikakuta barabara ya kambi imefungwa kwa matawi ya miiba, na vijana wa mjini wamesimama kwenye ukingo wa laga na mawe mikononi. Walikuwa wanaimba. Ilinichukua muda kuelewa wanachoimba, kwa sababu tuni ilikuwa yangu na sikutegemea kuikuta pale. Walikuwa wamebadilisha neno moja. Si kwenu, waliimba, hapa si kwenu, na pale mwisho ambapo sauti yangu huteremka nao waliteremka, wote pamoja, vizuri kabisa.

Mmoja alinitambua. Alikuwa mteja wetu, kijana mwenye heshima, aliyekuwa akirudisha sahani yake mwenyewe jikoni.

"Dada Arot, kuja uimbe na sisi."

"Huo si wimbo wangu."

"Ni wako. Hata redio inasema ni wako. Wenyewe walisema si kwao. Sisi tunawaitikia tu."

Nilijaribu kumweleza. Nilisema aliyeandika ni mtu anayekumbuka nyumbani, si mtu wa vita. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, jiwe likiwa mkononi, kisha akaniambia nisivuke, watu wa upande ule wana hasira. Nilizunguka kwa chini, mahali ambapo ukingo ni mfupi, nikavuka.

Safari alikuwa amekaa chumbani amefungwa kitambaa kichwani, kimelowa damu upande mmoja. Jiwe lilimpata akienda kuchota maji. Mama Ayen alikuwa anamshikia kikombe anywe. Mabior alikuwa kwenye kona, gitaa mapajani, haligusi. Kutoka ng'ambo ya laga upepo ulikuwa ukituletea wimbo, vipande vipande. Nilikaa chini. Sikujua niseme pole kwa nani.

"Wanaimba muzuri," Safari akasema hatimaye. "Sema ngoma ndiyo wamekosa."

Mabior hakucheka. "Wamepata ile mahali inashuka," akasema. "Mimi ilinichukua wiki kuipata." Kisha akanigeukia: "Arot, wewe uliniambia. Ulisema watu watashangaa."

"Sikusema hivi."

"Hapana. Hakuna mtu alisema hivi."

Mama Ayen aliniuliza kama nimekula. Nilikuwa sijala. Akanipa mahindi yaliyochemshwa, magumu, kwa kuwa kuni hazikutosha, nikayatafuna moja moja huku tukisikiliza, na sijawahi kula chakula kilichokaa kinywani kwa muda mrefu vile.

Baraza liliitishwa katika ukumbi wa shule ya mjini. Chifu alikuwepo, na wazee wa pande zote mbili, na bwana mmoja kijana kutoka ofisi fulani, mwenye shati safi na chupa ya maji. Sisi tuliitwa kwa ajili ya wimbo. Safari hakuja, kichwa kilimuuma. Yule bwana kijana hakuwa mtu mbaya. Nimefanya kazi ofisini muda mrefu sasa na ninamwelewa zaidi ya nilivyomwelewa siku ile. Alisema wimbo una nguvu, umefika mbali, na kwamba badala ya kuupiga marufuku tuurekebishe. Alipendekeza tuimbe: hapa ni kwetu sote. Ofisi ingelipia kuurekodi upya Nairobi, na kwaya nyuma. Chifu akakubali kwa kichwa. Watu wakamtazama Mabior.

"Mimi siwezi," Mabior akasema.

"Kwa nini? Hutaki amani?"

"Nataka. Lakini nikitoka hapa, askari ataniuliza pasi ya kutoka kambi. Nitamwambia ni kwetu sote?"

Watu wachache wakacheka, wa pande zote mbili, na chifu akagonga meza. Nikaombwa niseme mimi. Nilisimama nikasema kwa Kiturkana, kwa sababu niliwataka wale vijana wa laga wanisikie. Nikawaambia kwamba nilipoimba nilikuwa nawaza Nakalale. Nikasema wapo humu ndani wengi wanaoijua nyumba iliyobaki duara ardhini, na hao hawahitaji kufafanuliwa. Nikakaa. Nilitegemea mtu aseme kitu. Mama mmoja muuza kuni, aliyekaa chini karibu na mlango na kamba yake ya kubebea begani, ndiye aliyesimama. Alisema maneno ya wimbo yeye hayajui na hana shida nayo, ila kuni zake ziko juani tangu barabara ifungwe, mchwa wanazila, na watoto wake wanakula hizo kuni, hivyo anaomba miiba iondolewe kesho, wimbo uendelee kujadiliwa na wenye nafasi. Wauza kuni wenzake wakaitikia. Miiba iliondolewa. Mchungaji aliyepigwa alitembea tena. Mimi na Mabior tulitoka ukumbini pamoja, tukatembea hadi kwenye laga, na pale kwenye mchanga akaniambia amechoka. Nilimwambia nami nimechoka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu kuhusu jambo lile.

Wimbo uliorekebishwa ulirekodiwa bila sisi. Ofisi ilipata msichana mwingine, mwenye sauti nzuri ya juu, na kwaya, na kinanda badala ya gitaa. Unaitwa "Ni Kwetu Sote" na unaimbwa mashuleni hadi leo. Binti yangu alirudi nao nyumbani akiwa darasa la pili, akauimba amesimama katikati ya sebule, akiuonyesha kwa mikono yake yote miwili. Nilimpigia makofi. Baba yake alinitazama, akijua, na hakusema kitu, na kwa hilo nilimpenda zaidi. Si wimbo mbaya. Watoto wanaupenda. Ila pale mwisho unapanda, na wetu ulikuwa unateremka.

Baada ya baraza tulipiga mara chache zaidi, lakini watu walikuwa wakisikiliza maneno badala ya muziki, wakitafuta tumemsema nani. Kisha jina la Safari likatoka kwenye orodha ya wakimbizi wanaopelekwa Ulaya, nafasi aliyoingojea tangu utoto, akaondoka akiwa amenyoa kichwa, kovu likionekana. Aliniachia vile vifuniko vya sufuria, na Mama Lokol akavirudishia kazi yake ya asili. Amani ilipopatikana kwao, Mabior akaamua kurudi. Siku ya mwisho nilimkuta anafunga virago. Gitaa alimwachia Abdinoor. Nilimuuliza ataishije bila gitaa, akasema huko atakuwa na ng'ombe. Tulipeana mkono mlangoni, naye ameinama kama kawaida ili asigonge kichwa. Tulikuwa hatujui namna nyingine ya kuagana.

Alinipigia simu baada ya miaka mingi, namba ngeni, sauti nene kuliko niliyoijua. Hakuwa na ng'ombe. Alikuwa anafundisha shule. Aliniambia huko kwao wanamwita mtu wa Kakuma, wanacheka Kidinka chake, na wakitaka kumchokoza humsalimia kwa Kiswahili. Alisema alipofika alimwomba mjomba amwonyeshe nyumba ya baba yake ilipokuwa, na mjomba akaonyesha kwa mkono kichaka kizima, kuanzia hapa hadi kule, na hakuweza kusema zaidi. Nilimuuliza kama anaimba. "Hapa watu wameimba sana," akasema, "wamemaliza." Tukaongea habari za watoto. Tangu hapo alikuwa akipiga mara moja moja, bila sababu, na mara nyingi tulikuwa tukinyamaza tu, mtandao ukikwaruza katikati yetu. Sikumuuliza hata mara moja kuhusu afya yake. Mtu haulizi kila kitu.

Ibada ya kumwombea ilifanywa Kakuma, kwa sababu Mama Ayen bado yupo huko, amekuwa mkongwe, macho yake yamefunikwa ukungu. Niliomba ruhusa ofisini nikaenda. Kambi imekuwa mji sasa, na ilinibidi kuuliza njia, mimi niliyekuwa naijua nikiwa nimefumba macho. Ua ulikuwa umejaa wanawake wa Kidinka waliovaa nguo nyeusi, na jikoni, chini ya turubai, sufuria kubwa za waombolezaji zilikuwa zinachemka. Wanaume walikuwa ndani na mchungaji, wakiimba nyimbo za kanisa kwa ngoma. Nilisimama karibu na ukuta nikiwa na mkoba wangu wa ofisini na kitambaa cha kichwa nilichokifunga vibaya. Msichana mmoja, mpwa wa Mabior aliyekuja kutoka Juba kwa ajili ya shughuli hiyo, alinijia kwa adabu na kiti cha plastiki. Akaniambia kwa Kiingereza wageni wa ofisini wanakaa upande ule, kwenye kivuli, na kwamba watahudumiwa soda. Nilikuwa nafungua mdomo nimweleze. Niseme nilikuwa nani wa mjomba wake?

Mama Ayen alikuwa ameketi kwenye mkeka, kichwa kimeelekezwa kwangu, ingawa sidhani aliona zaidi ya kivuli. Aliuliza kwa Kidinka ni nani amekuja, na msichana akajibu kitu ambacho ndani yake nilisikia neno ofisi. Nikasema, "Ni mimi, Mama. Arot." Akageuza sikio kwangu. Kisha akamwambia yule binti, kwa Kiswahili, ili nami nisikie, "Toa kiti. Huyu hanywi soda. Mpeleke ushike sufuria na yeye, ugali inaanza kuungua."

Binti akanitazama upya, akakichukua kiti. Niliweka mkoba wangu chini kwenye mkeka, kati ya mikoba ya wanawake wengine, nikavua viatu, nikakunja mikono ya gauni. Sufuria ilikuwa ya ukubwa ule unaotaka watu wawili. Nikachuchumaa upande wa moshi, nikaishika masikio kwa vitambaa nikaikaza kwa nguvu zangu zote, na yule mpwa wa Mabior akashika mwiko kwa mikono miwili, akaanza kusonga.